Kabla ya Kwenda Kolmanskop: Mambo ya Kuandaa kwa Ziara ya Mahame ya Almasi

Anayetaka kuiona Kolmanskop vizuri apange kulala Lüderitz usiku wa kuamkia siku ya ziara. Mahame haya ya mji wa almasi yako kama kilomita 10 tu kutoka bandari hiyo ndogo ya kusini mwa Namibia, lakini kibali cha kawaida cha kuingia ni cha asubuhi, na kufikia saa saba mchana wageni hutakiwa kuwa wametoka. Ziara za kuongozwa nazo hufanyika asubuhi. Ukitokea Keetmanshoop siku hiyohiyo, una zaidi ya kilomita 300 za kuendesha kabla hujanunua kibali, na pancha moja inatosha kukukosesha kila kitu. Wapiga picha wana kibali chao, cha bei ya juu zaidi, kinachowaruhusu kuwemo tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Kumbuka pia kurudisha saa yako nyuma kwa saa moja ukitoka Afrika Mashariki.

Upande wa hati, ulizia viza kwenye ubalozi wa Namibia kabla ya kukata tiketi, maana masharti hubadilika. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano hudaiwa cheti cha chanjo, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Randi ya Afrika Kusini hupokelewa nchini kote sawa na dola ya Namibia.

Kutoka Windhoek, mji mkuu, hadi Lüderitz kwa njia ya Keetmanshoop ni zaidi ya kilomita 800, na mimi naona ni heri kuzigawa kwa siku mbili. Barabara ni ya lami na magari hupita kushoto kama kwetu. Jaza mafuta kijiji cha Aus hata kama tangi liko nusu, kwa sababu kuanzia hapo kuna kilomita 125 za jangwa tupu. Kagua tairi ya akiba na jeki, beba maji ya kunywa ya kutosha watu wote garini. Sehemu ya mwisho upepo husukuma mchanga hadi juu ya lami. Punguza mwendo, kwani rundo la mchanga likigongwa kwa kasi hupindua gari. Karibu na Aus, mahali paitwapo Garub, kuna farasi wa mwituni wanaokuja kunywa maji. Inafaa kusimama uwatazame. Kwingineko usiiache barabara: ni eneo lililozuiwa na mabango yanasema hivyo waziwazi.

Watu wengi wakisikia jangwa hufungasha nguo nyepesi tu. Pwani hii hupozwa na mkondo wa Benguela, na ukungu wa asubuhi huleta baridi kali. Beba sweta, koti la kuzuia upepo, miwani na kitambaa cha kujifunika uso. Upepo huvuma zaidi miezi ya kiangazi cha kule, hasa mchana, na mchanga wake huingia hadi ndani ya kamera. Vaa viatu vilivyofunika mguu: ndani ya nyumba kuna mbao zilizooza na misumari, na jangwa hili lina nyoka wanaojizika mchangani.

Hayo yote ni mepesi. Maandalizi ninayoyasisitiza zaidi ni kuijua historia, kwa sababu atakayekwenda kutazama milango iliyozibwa na mchanga tu atarudi na picha nzuri bila kujua alikuwa wapi.

Anza na reli. Miaka ileile ya 1905 hadi 1907, babu zetu walipokuwa wakipigana Vita vya Maji Maji, Wajerumani, waliotawala Namibia pia, walikuwa wanaendesha kambi ya wafungwa wa Kiherero na Kinama, wenyeji wa nchi hiyo, kwenye Kisiwa cha Papa (Shark Island), pale pale Lüderitz. Wafungwa hao ndio waliotumikishwa kujenga reli ya kwenda bara. Kumbukumbu za wakati huo zinaonyesha kuwa kati ya wafungwa 2,014 waliotumika kwenye reli kuanzia Januari 1906 hadi Juni 1907, walikufa 1,359. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, alifia kisiwani mwaka 1907. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyotendwa yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kwenye reli hiyo, Aprili 1908, mfanyakazi aitwaye Zacharias Lewala alikuwa akizoa mchanga ulioifunika njia ya treni. Alikuwa amewahi kufanya kazi Kimberley, mji wa migodi ya almasi Afrika Kusini, akaitambua almasi alipoiona, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch akajipatia haki za kuchimba na akatajirika. Lewala hakupata fungu lake. Kabla mwaka haujaisha, serikali ya kikoloni ilikuwa imefunga ukanda mkubwa wa jangwa kuanzia Mto Orange, ukaitwa Sperrgebiet, yaani eneo lililozuiwa, asiingie mtu bila ruhusa.

Almasi zilikuwa juujuu kiasi kwamba watu walitambaa kwa magoti wakiziokota. Mwaka 1912 eneo hili lilitoa karibu karati milioni 1. Fedha hiyo ilijenga hospitali, shule, kiwanda cha barafu, ukumbi wa michezo na muziki, na uwanja wa kuviringisha tufe, mahali ambapo hata maji ya kunywa yaliletwa kwa meli. Hospitali ilikuwa na mashine ya eksirei, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuangalia kama mfanyakazi amemeza almasi. Waliomulikwa hivyo ni Waowambo walioletwa kwa mikataba kutoka kaskazini, kama manamba wa mashamba ya mkonge kwetu. Nyumba utakazoonyeshwa ni za meneja, mhasibu, mwalimu na wenzao. Muulize mwongozaji vibarua walilala wapi, na umwombe akuonyeshe. Ni swali la haki.

Vita Kuu ya Kwanza vilisimamisha kazi, kisha mwaka 1928 zikapatikana almasi kubwa zaidi karibu na mdomo wa Mto Orange. Mitambo na watu wakahamia kusini, na Kolmanskop ikaachwa kabisa mwaka 1956. Mwaka 1980 kampuni ya almasi ilianza kuyahifadhi baadhi ya majengo na kufungua makumbusho. Ukiwa Kolmanskop tenga muda kwa ukumbi, ambao bado ni mzima, na hospitali yenye korido ndefu. Usiokote jiwe lolote: kukutwa na almasi ghafi bila kibali ni kosa la jinai Namibia.

Mchana, baada ya Kolmanskop, nenda Kisiwa cha Papa. Kimeunganishwa na nchi kavu, utafika kwa gari. Leo kuna eneo la watalii kupiga mahema juu ya ardhi ile ya mateso, jambo linaloniuma, na ndiyo maana nasema usilale hapo; simama kwenye mawe ya kumbukumbu. Mjini kuna Kanisa la Mwambani la mwaka 1912.

Kama unataka kuingia ndani zaidi ya Sperrgebiet, hadi Bogenfels, tao kubwa la mwamba baharini, huwezi kwenda peke yako. Ni lazima upitie kampuni ya utalii yenye idhini, na nakala za pasipoti hutakiwa siku kadhaa kabla ili kibali kishughulikiwe. Watumie mapema, ukiwa bado nyumbani.