Waini ya zabibu nyumbani, lita 4 hivi: chunga hewa

Watu wengi wakiniambia waini yao imekuwa siki, nikiwauliza vizuri naona kuchachuka kulienda poa kabisa, iliharibikia baadae kwenye kuhifadhi. Kwa hiyo hatua nyingine tutazipita haraka ila kwenye hewa tutakaa.

Hatua ya 1. Tafuta zabibu kilo 8 zilizoiva kwelikweli. Tafuna moja uangalie mbegu, ikiwa ya kahawia ni sawa, ikiwa kijani subiri. Toa vikonyo vyote na tupa zenye ukungu. Ndoo iwe ya plastiki ya chakula, lita 15, imeoshwa na kusuuzwa na maji ya moto. Aluminiamu usitumie, asidi ya zabibu inaila.

Hatua ya 2. Ponda kwa mikono. Blenda hapana, inasaga mbegu na waini inakuwa chungu, hiyo hairekebishiki.

Hatua ya 3. Pima juisi kwa haidromita, kile kifaa cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo. Ikisoma 1.090 utapata kilevi kama asilimia 12, usiongeze kitu. Ikisoma 1.070 ongeza sukari gramu 50 kwa kila lita ya juisi, koroga mpaka iyeyuke. Halafu chukua hamira ya waini gramu 2, iamshe kwenye maji ya vuguvugu dakika 15 ndo umimine. Ya mkate inafanya kazi ila inachoka mapema.

Hatua ya 4. Funika kwa kitambaa safi ukikaze na uzi, maana vile vinzi vidogo vya matunda ndo vinaleta bakteria wa siki. Siku hizi za mwanzo hewa ni rafiki, hamira inaihitaji ili izaliane. Siku ya pili utakuta maganda yamepanda juu yamekuwa kama mkeka mzito, tega sikio utasikia kunachemka kwa chini, shaaa, na ukibonyeza na mwiko povu la zambarau linapenya pembeni na harufu ya tunda na mkate inakupiga usoni. Bonyeza hivyo mara 3 kwa siku bila kukosa, yakikauka juu siki inaanzia hapo hapo.

Hatua ya 5. Siku ya 5 mpaka ya 7 povu likipungua, kamua kwa kitambaa uweke kwenye dumu la kioo. Kwenye kizibo pitisha mpira mwembamba, ncha ya nje izame kwenye glasi ya maji, gesi itoke hewa isiingie. Usizibe dumu kabisa bila huo mpira, litapasuka.

Hatua ya 6, na hapa ndo pa kuwa makini. Baada ya wiki 3 mashapo yametulia chini, hamisha waini kwa mpira wa kunyonyea, ncha ya chini iguse kitako cha dumu jipya, usimimine kutoka juu ikarukaruka. Kuanzia sasa hewa ni adui, jaza mpaka shingoni. Mimi mara ya pili niliacha dumu nusu nikasema nitaongeza baadae, mwezi mmoja nikakuta utando mweupe juu na harufu kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, lita 3 zote nikamwaga na niliumia sana. Siku hizi ikipungua nahamishia kwenye chupa ndogo, au nadumbukiza gololi za kioo zilizochemshwa mpaka waini ipande shingoni. Inasaidia sana jamani.

Hatua ya 7. Hamisha tena baada ya miezi 2. Ikishakuwa angavu na haidromita inasoma chini ya 1.000, pima tena wiki inayofuata, namba isipobadilika weka kwenye chupa. Ukitaka tamu weka sukari kwenye glasi wakati wa kunywa, ukiiweka kwenye chupa hamira inaweza kuamka na chupa ikalipuka. Zilaze gizani miezi 6, kisha fungua moja tu uonje, nyingine ziache kwanza.