Kumchora mbwa wa puto anayeng'aa: somo la watoto wa miaka 7 hadi 10

Mng'ao hautoki kwenye rangi. Unatoka kwenye sehemu ya karatasi iliyoachwa tupu, na weusi uliokaa ubavuni mwake. Kwa hiyo kabla penseli haijagusa karatasi, mpe kila mtoto kijiko cha chuma, akigeuze mgongo juu na kukielekeza dirishani. Aseme anachokiona: dirisha limekuwa doa jeupe lililopinda, kando yake pana ukanda wa giza, na yeye mwenyewe yumo humo, mdogo sana. Dakika 5 za kijiko zinafundisha kuliko maelezo ya nusu saa.

Kisha waonyeshe picha ya Balloon Dog ya Jeff Koons, mchongaji wa Marekani. Mbwa hao wako watano, kazi ya kati ya 1994 na 2000: wa bluu, majenta, njano, chungwa na nyekundu. Kila mmoja ana kimo cha zaidi ya mita 3, na ni chuma kisichoshika kutu kilichosuguliwa mpaka kikawa kioo, juu yake ikapakwa rangi inayopitisha mwanga. Wa chungwa aliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa dola milioni 58.4, lakini bei hiyo itaje mwisho wa kipindi. Ukiitaja mwanzoni, watoto watazungumzia hela tu.

Andaa karatasi ya manila nyeupe ya A4 (ya fotokopi, gramu 80, hukunjamana ikilowa), penseli ya HB, raba, kipande cha mshumaa mweupe kilichochongwa ncha, rangi za maji, brashi, kopo la maji, kitambaa na maka peni nyeusi. Kila mtoto achague rangi moja tu ya mbwa wake; nyingine ni za kukolezea.

Mbwa ni puto moja refu lililosokotwa likatoa vipande 10: mdomo, masikio mawili, shingo, miguu miwili ya mbele, kiwiliwili, miguu miwili ya nyuma na mkia. Laza karatasi kwa mapana. Anza na kiwiliwili katikati, umbo la soseji lenye urefu wa sentimita 6 na unene wa 4. Miguu ina urefu wa sentimita 7. Mguu ulio karibu nasi uchorwe mzima, wa nyuma yake uchungulie tu. Hapa ndipo wengi hukosea, wakapitisha mistari ya mguu mmoja ndani ya mwingine. Shingo ipande kutoka juu ya miguu ya mbele, masikio yasimame juu yake, mdomo utangulie mbele na fundo dogo nchani. Vipande vibanane. Penye msokoto weka vistari vitatu vifupi vya mikunjo, la sivyo utapata soseji zilizopangwa, si puto.

Sasa mwanga. Chora kijua kidogo kwenye kona moja ya juu ya karatasi, na kuanzia hapo karatasi isigeuzwe. Watoto huizungusha wanapochora, na matokeo yake kila kipande huwa na mwanga wa upande wake. Fifisha penseli kwa raba kwanza, kwa sababu mstari uliofunikwa na nta haufutiki tena. Halafu, kwa mshumaa, kila kipande kipate doa lenye umbo la dirisha lililopinda, upande wa kijua, na mstari mwembamba karibu na ukingo wa upande wa pili. Mstari huo ni mwanga unaorudi kutoka sakafuni, na ndio unaolifanya puto lionekane mviringo. Nta haionekani kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo iinamishe karatasi kuelekea dirishani uone ulipopita.

Paka rangi nyepesi yenye maji mengi kwenye mbwa mzima. Itaikwepa nta yenyewe. Dimbwi likituama, linyonye kwa ncha ya kitambaa. Subiri mpaka karatasi isiwe baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, kama dakika 10. Ukiharakisha, rangi ya pili itasambaa na ukingo utapotea, na mng'ao unataka ukingo mkali. Kisha koleza rangi pembeni kabisa mwa doa jeupe na kwenye misokoto. Usikoleze njano kwa nyeusi, itageuka kijani kichafu; tumia chungwa na kahawia kidogo. Nyekundu ikolezwe kwa zambarau.

Maka peni nyeusi ije mwisho, karatasi ikiwa imekauka, na isipite juu ya nta maana ncha yake huziba. Chini ya miguu weka kivuli chenye rangi ya mbwa mwenyewe.

Aliyemaliza mapema ajichore, mdogo na amepinda, ndani ya kiwiliwili, kama alivyojiona kwenye kijiko. Akitaka mnyama mwingine, shingo ikirefushwa mara mbili na mkia ukifupishwa anapata twiga.