Kabla Hujakokotoa pH ya Asidi na Besi Zilizochanganywa

Kikokotoo kiweke kando kwanza. Chukua karatasi uandike ulichonacho: asidi gani, ukolezi wake, ujazo wake, kisha besi, vivyo hivyo.

Hakikisha zote mbili ni kali. Haidrokloriki, nitriki na salfuriki upande mmoja. Haidroksaidi za sodiamu, potasiamu na bariamu upande wa pili. Ukiona siki au amonia, njia hii haiifai.

Mililita zigeuze ziwe lita. Gawa kwa 1000, basi.

Usijumlishe pH mbili ukagawa kwa mbili; pH ni logi ya ukolezi wa ioni za haidrojeni, ishara ikigeuzwa. Wanafunzi wangu wa Jumamosi huku Kisauni hulirudia kosa hili kila muhula. Asidi ya pH 2 na ya pH 3, ujazo sawa, hazitoi 2.5. Ya kwanza ina ioni za haidrojeni mara kumi ya ile ya pili. Chukua ukolezi wa ioni hizo, 0.01 ujumlishe na 0.001, gawa kwa 2, upate 0.0055, yaani pH 2.26. Kinachojumlishwa na kutolewa ni moli, kipimo cha wingi wa chembe: ukolezi mara ujazo kwa lita.

Halafu hesabu ioni: molekuli moja ya asidi hiyo inatoa haidrojeni ngapi? Hapa naomba unisikilize vizuri.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari kisiwani, jengo la zamani la mawe ya matumbawe. Jumamosi nilikuwa nikichanganya mabaki ya wiki, asidi kwa besi, kabla ya kuyamwaga. Siku hiyo nilikuwa na mililita 500 za asidi ya salfuriki na mililita 500 za haidroksaidi ya sodiamu, zote za moli 0.5 kwa lita. Nikaona namba zinalingana, nikaamua hii ni pH 7, si asidi wala besi, maji ya chumvi tu. Sikupima. Nikampa kijana wa kidato cha tatu jagi akamwage kwenye mtaro wa nyuma.

Akateleza kizingitini. Jagi likamwagikia jiwe na mguu wake, naye kavaa ndara. Nikamsikia: "Mwalimu, mbona jiwe latoa mapovu?"

Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likiguswa na asidi hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na maji ya chumvi hayalifanyi hivyo. Nikajua palepale. Nikamvuta hadi mferejini, nikafungua, mfereji ukakoroma tu. Maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Nikakimbilia mtungi wa maji ya kunywa wa walimu, nikaumimina wote mguuni pake. Alikuwa na mchubuko kati ya vidole, na alikuwa ameuma kola ya shati lake asilie mbele yangu. Mguu ulipona. Ile kola bado naiona.

Usiku nikaketi na karatasi. Moli 0.25 za salfuriki zina haidrojeni moli 0.5, maana kila molekuli ina mbili. Haidroksaidi zilikuwa moli 0.25 tu. Zikabaki moli 0.25 za asidi katika lita 1: kwa hesabu ya darasani, pH 0.6. Kipimo kingesoma karibu 1.3, kwa kuwa ile haidrojeni ya pili haijiachii yote majini mpaka besi iing'oe. Vyovyote vile, ni mbali mno na 7. Na ukitumia haidroksaidi ya bariamu, kumbuka nayo ina ioni za haidroksaidi (OH) mbili.

Ukishatoa moli, gawa kwa ujazo wote wa mchanganyiko. Mililita 75 za haidrokloriki ya 0.1 ni moli 0.0075. Mililita 25 za haidroksaidi ya sodiamu ya 0.2 ni moli 0.005. Imebaki asidi 0.0025, na sasa iko ndani ya mililita 100. Gawa kwa 0.1, upate 0.025, pH 1.60. Ukisahau kugawa utaandika 2.60, na msahihishaji hatakuonea huruma.

Ikibaki besi, tafuta pOH kwanza, yaani logi ile ile ila kwa ukolezi wa ioni za OH, kisha uitoe kutoka 14 upate pH. Hiyo 14 ni ya nyuzi 25. Maabara zetu mwezi wa Machi hufika 30 na zaidi, na kwa nyuzi 30 ni kama 13.83. Kwenye mtihani tumia 14 usijisumbue, ila ukishika kipimo cha kweli ujue kwa nini hakikubaliani nawe.

Tazama jibu kabla ya kupiga mstari. Asidi imebaki halafu umepata 9? Umeruka mahali, rudi juu.

Na ukitoka kwenye karatasi ukaenda kuchanganya kweli, jaza ndoo mbili za maji uziweke karibu, mfereji usiuamini. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe usifanye kinyume. Vaa miwani na viatu vya kufunika. Usitie asidi kwenye chupa ya soda hata kwa dakika moja. Chovya karatasi ya pH kabla ya kumwaga, hata kama hesabu imekuambia 7. Jagi libebe mwenyewe, mlango uwe wazi, na kizingiti kiwe kikavu.