Jinsi ya kumwalika mtu wa mwaloni kanisani, na Jumapili ya pili akaja mwenyewe

Kabla hujachukua Biblia kushuka mwaloni, pale ziwani mitumbwi ya wavuvi inapofikia, tazama mwezi. Sitanii. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi wakati wa giza, kwa sababu dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka taa ya mtumbwi haina kazi. Ukienda kumshuhudia kijana wa Igombe au Kayenze giza likiwa limekolea, utamkuta ametoka ziwani alfajiri, macho mekundu, anataka uji na mkeka. Atakuitikia "amina" ili uondoke. Mtu huyo huyo mfuate siku za mbalamwezi, amekaa anashona nyavu au anacheza drafti na wenzake. Hapo atakuuliza maswali mpaka uchoke wewe.

Mimi nauza dagaa Kirumba Mwaloni, soko letu la Mwanza, na kanisani nipo mapokezi. Kila tukipata wahudumu wapya wananiuliza yale yale, basi nayaandika.

Anza na salamu, na salamu isiwe ya kupita. Bibi wa Kisukuma anayeanika dagaa mwambie "mwangaluka mayu" kama ni asubuhi, mpe na shikamoo yake, uulize watoto. Usimsimamie kichwani, inama, geuza dagaa pamoja naye. Kazi ile haingoji mahubiri. Kuna siku wainjilisti wetu walimshika mama mmoja katikati ya maombi, wamefumba macho, sauti zimepanda, na wingu limetanda juu ya ziwa. Matone ya kwanza yakadondoka. Mama wa watu kafungua jicho moja, anatazama mali yake yote pale mchangani, anaona haya kukimbia. Wingu likitanda, sema amina na ushike ncha ya turubai. Maombi mtamalizia chini ya banda.

Maneno yako yawe machache, na uanze kwa kuuliza. Filipo, katika Matendo 8, alimkuta yule Mwethiopia anasoma, akamuuliza kama anaelewa anachosoma, na akapanda garini baada ya kuombwa apande. Sisi wengi tunapanda kwanza. Kisha eleza Kristo amekufanyia nini wewe, kwa lugha ya kawaida, bila kupaza sauti kama uko mimbarini.

Lile neno la "wavuvi wa watu" liache kidogo mbele ya wavuvi. Wao wanajua samaki huishia wapi, na watakucheka. Ukiona hirizi mkononi, usianze nayo; anayelala ziwani na upepo ana hofu zake, zisikilize kwanza. Na usimwahidi samaki. Ukimwambia akiokoka nyavu zitajaa, giza lijalo akirudi na ndoo mbili atakuja kukudai wewe.

Mwaloni tunaishi na Waislamu, Wasabato na Wakatoliki. Misheni ya Wakatoliki ya Bukumbi ilianza mwaka 1883. Sisi wa kanisa la Africa Inland tulipokea misheni ya Nassa kutoka kwa Waanglikana mwaka 1909. Kwa hiyo mtu akikuambia babu yake alibatizwa Bukumbi, usimhesabu kwamba hajafikiwa. Mwenye pa kusali muulize hali, nunua dagaa, muagane vizuri. Kumtoa mtu kanisa hili kumpeleka lile mimi siuiti uinjilisti, hata kama taarifa ya mwezi itapendeza.

Sasa mwaliko. "Karibu kanisani" ni salamu tu, kila mtu anaisema. Mwambie ibada ya kwanza inaanza saa ngapi na inatoka saa ngapi, bila kudanganya hapo kwenye kutoka. Mwambie utamngoja wapi: kituo cha daladala, dukani, popote anapopajua, na muingie pamoja. Atakachokuficha ni nguo. Harufu ya dagaa haitoki kwa kufua mara moja, na wengi wanaogopa watu watasogea pembeni. Mimi huwaambia, "Kaa na mimi kaka, tunuke wote." Wanacheka, wanakuja.

Mlangoni soma tena Yakobo 2, ule mstari wa mwenye pete ya dhahabu kuonyeshwa mahali pazuri. Mgeni wa kandambili asipelekwe benchi la nyuma kwenye spika, wala mbele kabisa ambako hawezi kutoka akibanwa. Katikati, karibu na njia, kando ya mtu aliyemwalika.

Kuhusu kuwasimamisha wageni wajitambulishe, nitasema wazi kwamba jambo hilo silipendi. Mtu hajui hata akiambiwa "Bwana Yesu asifiwe" aitikie nini, mnampa maikrofoni mbele ya kanisa zima, halafu makofi ya kilo. Wapo wanaofurahi, lakini yule mwenye aibu hatarudi. Kama mwongoza ibada analazimisha, basi mwenyeji asimame naye na amtaje yeye, mgeni apunge mkono akae.

Mweleze pia mambo ya sadaka kabla kapu halijafika. Vikapu vinaweza kupita zaidi ya mara moja, na baadaye yakaja matangazo ya michango ya ujenzi. Mnong'oneze kwamba halazimiki, si kiingilio. Na mnada wa nje baada ya ibada, pale tunapouza kuku na mikungu ya ndizi iliyotolewa sadaka, mweleze mapema. Mgeni asiyejua, akiinua mkono kumsalimia mtu anaweza kujikuta na jogoo.

Namba ya simu ichukuliwe na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye apige. Mgeni akipigiwa na mchungaji, mwenyekiti wa vijana na kwaya siku moja, atadhani anadaiwa. Kwenye daftari, pembeni ya jina, andika kazi yake. Mvuvi akipotea wiki mbili yuko kazini, hajarudi nyuma, na asiombewe kwa jina kwenye ibada kama aliyepotea. Mchuuzi anayepeleka mzigo Kongo anaweza kukaa hata mwezi. Wewe mtumie ujumbe wa kumjulia hali, basi.

Akishazoea, mpe kazi ndogo kabla ya kumpa darasa: kupanga mabenchi, kuchota maji, kushika watoto wakati wa mahubiri. Na mgeni wa jana mara nyingi ndiye anayefaa zaidi mapokezi, hasa akiwa ametoka visiwani. Kwetu anayejua Kikerewe ni mmoja tu, na anaimba kwaya, kwa hiyo wageni wa Ukerewe wakiingia kwaya ikiwa mbele hatuna wa kumwita.