Kulea Watoto wa Mbwa wa Kuwinda Nyumbani Tanga

Jike wa mbwa wa kuwinda mara nyingi huzaa watoto sita hadi kumi kwa uzao mmoja, na katika mwambao wetu wa Tanga adui wao mkubwa si njaa, bali ni pale wanapolala: unyevu, minyoo iliyomo mchangani, pamoja na nzi. Ndiyo maana maandalizi yote yaanzie sakafuni, wiki mbili kabla ya jike kutimiza siku 63 za mimba.

Sanduku la kuzalia litengenezwe kwa mbao, limtoshe jike kulala akiwa amejinyoosha, na liinuliwe juu ya matofali kwenye sakafu ya saruji. Ndani yake, kuzunguka pande zote, pigilia fito zilizo juu ya sakafu kwa sentimita 10 hivi na zilizoachana na ukuta kwa kiasi hicho hicho, ili mtoto atakayejikuta nyuma ya mgongo wa mama yake apate upenyo badala ya kubanwa hadi kufa. Kwa banda lenye sanduku hilo, paa la makuti linafaa kuliko bati tupu, kwa kuwa joto la mchana wakati wa kaskazi huwadhuru mama na wanawe. Banda liwe mbali na jiko na mahali pa kuswalia, na vyombo vyake visichanganywe na vya nyumbani. Katika nyumba nyingi za hapa mate ya mbwa ni najisi, na kulizingatia hilo tangu mwanzo huondoa manung'uniko ya wanafamilia na majirani.

Tandika magazeti, na juu yake khanga kuukuu. Khanga hizo zifuliwe kila siku, zianikwe juani na kupigwa pasi pande zote mbili, kwani wako nzi wanaotaga mayai kwenye mchanga ulioloa mkojo na kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu wao hupenya ngozi ya mtoto wa mbwa bila yeye kuonyesha dalili siku za kwanza. Baadaye hutokea uvimbe kama jipu, wenye tundu dogo katikati, na ukitazama kwa makini utaona ncha ya buu ikichezacheza. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya tundu, subiri buu ajitokeze kutafuta hewa, kisha mbinye taratibu kutoka pande mbili. Asikatike, maana kipande kinachobaki ndani huleta usaha.

Joto la mwili la jike hushuka hadi karibu nyuzi 37 siku moja kabla ya kuzaa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila mtoto kutoka, aitwe daktari wa mifugo mara moja. Kila mtoto anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, mapema iwezekanavyo, kwa sababu kinga ya mama hupitia humo na utumbo wa mtoto huacha kuipokea baada ya siku moja hivi. Watoto wakizidi idadi ya chuchu, wagawe makundi mawili yanayopishana kila baada ya saa mbili, na walio wadogo wawekwe kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi.

Mizani ndogo ya jikoni, iliyotengwa kwa kazi hii tu, ni kifaa ambacho nisingekubali kukikosa. Weka alama ya rangi ya kucha kwa kila mtoto, mpime kila asubuhi na uandike daftarini: uzito wake unapaswa kuwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa ifikapo siku ya 7 hadi ya 10, na yule asiyeongezeka kwa siku nzima yuko hatarini hata kama anaonekana mzima. Kwanza mguse tumbo. Akiwa wa baridi, mpashe joto taratibu kabla ya kumlisha, kwa kuwa mwili uliopoa hausagi maziwa. Katika wiki ya kwanza mahali anapolala panatakiwa kuwa na nyuzi 29 hadi 32, jambo ambalo usiku wa masika huwa gumu bila taa ya joto. Anapolishwa kwa chupa, alale kifudifudi kama anavyonyonya, kamwe asilazwe chali, kwani maziwa huingia mapafuni. Tumia maziwa maalumu ya watoto wa mbwa, kwa kuwa ya ng'ombe yana mafuta na protini kidogo mno.

Minyoo ya safura hupita kwenye maziwa ya mama, na minyoo mviringo huwaingia watoto wangali tumboni. Kwa hiyo dawa itolewe wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, na mama apewe pamoja nao. Fizi zilizopauka na kinyesi cheusi ni dalili za safura, na mtoto wa namna hiyo hasubiri kesho. Watoto wa nyumbani wasikanyage eneo hilo peku.

Mama anayenyonyesha ale mara tatu au nne kwa siku. Akianza kutetemeka na kukakamaa miguu, amepungukiwa kalisi na anahitaji daktari saa hiyo hiyo. Kuanzia wiki ya 4 wanawe waanzishiwe uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa waliooshwa kuondoa chumvi. Mahindi yaliyoota ukungu yasitumike hata kidogo, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la mbwa.

Kati ya wiki ya 3 na ya 12 wazoeshwe mikono ya watu, sauti ya bodaboda na mvua juu ya bati. Masikio yao, hasa yakiwa marefu, yakaguliwe na kukaushwa kila wiki. Chanjo ya kwanza ya homa ya mbwa na parvo (ugonjwa wa kuhara na kutapika) hutolewa wiki ya 6 hadi ya 8, ikirudiwa hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akiwa na miezi mitatu. Asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki ya 8, na anayemchukua akabidhiwe kadi ya chanjo, tarehe za dawa ya minyoo, na kipande cha khanga aliyolalia.