Krismasi ya Kujitengenezea Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla Desemba Haijafika

Kabla hujanunua hata kipande cha karatasi ya krepu, amua sikukuu mnaila wapi. Anayekula Krismasi Tabata na anayepanda basi tarehe 20 kwenda Rombo au Bukoba hawawezi kuwa na orodha moja. Wa Dar es Salaam anapambana na joto na unyevu: siagi inalainika mezani, keki inaota ukungu upesi, karatasi zinalegea ukutani. Wa kwenda nyumbani anapambana na buti la basi. Kila alichotengeneza lazima kikunjike, kilaliane, na kivumilie gunia la mchele la abiria mwenzake. Huyu keki yake husafiri bila pambo na kupakwa aisingi hukohuko, na mti hahangaiki nao, maana kule milimani miseprasi imejaa kwenye mipaka ya mashamba. Wote wawili, hata hivyo, wanatakiwa kuanza Novemba.

Nasema Novemba kwa sababu mambo ya mkono yanakwamishwa na muda kuliko pesa. Una jiko moja, fundi cherehani mmoja, watoto wanaofunga shule wiki chache tu kabla ya sikukuu, na mvua za vuli ambazo hazikuulizi ratiba. Kila kimoja kati ya hivyo kina foleni yake. Ukivipanga vyote wiki ya mwisho, utaishia dukani tarehe 24 ukinunua vya plastiki kwa bei ya tarehe 24.

Kwa familia za Kikatoliki, Kilutheri na Kianglikana, tarehe ya kwanza ya kweli ni Dominika ya kwanza ya Majilio, ambayo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Siku hiyo shada la Majilio linatakiwa liwe mezani. Shada lenyewe halina ugumu: mduara wa waya au fito, majani mabichi yamefungwa kwa uzi, mishumaa minne. Kinachosumbua ni mishumaa. Desturi iliyozoeleka ni mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Dominika ya tatu, na huo wa waridi huwa hauonekani kwenye maduka ya mtaani. Chukua minne mieupe ufunge utepe wa rangi inayotakiwa chini kabisa, mbali na moto. Majani yabadilishe kila wiki, kwa sababu ya wiki ya kwanza yatakuwa makavu kabisa ifikapo ya tatu, na mshumaa juu ya majani makavu si pambo tena.

Halafu kuna imani kwamba cha kutengeneza mwenyewe ni rahisi kwa bei. Kinaweza kuwa, ukitumia vilivyopo nyumbani. Ukianza kununua gundi ya bunduki, pambapamba za kumeta, riboni za mita na makopo ya rangi ya dhahabu, utatumia pesa nyingi kuliko yule aliyenunua mapambo ya Kariakoo, na bado utakuwa na vidole vilivyoungua. Chagua vitu vichache uvifanye vizuri. Mimi nyumba yenye bendera za kitambaa, pango zuri la kuzaliwa Yesu na biskuti za kutosha naiona imekamilika, hata kama haina kitu kingine.

Bendera hizo hutengenezwa kwa vipande vya kitenge, na vipande hivyo viko kwa fundi cherehani, chini ya meza, kwenye mfuko anaotaka kuutupa. Mwombe mapema, ikiwezekana siku hiyohiyo unapopeleka nguo za sikukuu, nazo zipeleke kabla ya katikati ya Novemba. Ahadi ya fundi ya mwezi Desemba kila mtu anaijua: njoo kesho. Kata pembetatu zenye kitako cha sentimita 15 na urefu wa 20, uache nafasi ya sentimita 5 kati ya moja na nyingine. Kila mita moja ya kamba itabeba pembetatu tano, hivyo sebule ya kawaida yenye ukuta wa mita 5 inataka 25. Ukitaka zisichanike pembeni bila kushonwa, kata kwa mkasi wenye meno, au zipake wanga mzito uzinyooshe kwa pasi.

Minyororo ya karatasi waachie watoto, ila fanya hesabu kwanza ili wasiishie nusu ya dari. Karatasi moja ya A4 ikikatwa vipande vya upana wa sentimita 3 kwa kufuata upande mfupi inatoa vipande tisa. Kila kipande kikigundishwa kinakuwa pete ya sentimita 6 hivi, na mita moja inakula pete kama 17. Kwa mnyororo wa mita 10 tayarisha karatasi 20. Watoto wawili wanaweza kuumaliza kwa mchana mmoja wa mvua, wakigombania rangi nyekundu. Madaftari ya zamani yenye maandishi upande mmoja yanafaa; upande mweupe unapakwa rangi au unaachwa hivyohivyo.

Gundi ya unga wa muhogo inashika karatasi vizuri sana, lakini mende na panya nao wanaipenda. Kijiko kimoja cha siki ndani ya uji huo kinasaidia isivunde haraka. Krepu iwekwe ndani tu. Ikilowa inachuja rangi, na ukuta mweupe wa kibarazani utabaki na michirizi mekundu hadi Pasaka.

Pango ndilo ningependa mtu alipe muda mwingi. Asili yake inajulikana: mwaka 1223 Fransisko wa Assisi aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda katika kijiji cha Greccio nchini Italia, watu waone kwa macho mazingira ya kuzaliwa kwa Yesu. Hakuna sababu pango lako lifanane na la kwenye kadi za Ulaya. Paa la majani makavu ya mgomba, ukuta wa vijiti, nyasi kavu ndani, ng'ombe mwenye nundu. Kama utafinyanga sanamu kwa udongo, ondoa mawe na mizizi yote, ukande mpaka uwe laini, na usitengeneze sanamu nene. Kinachopasua ni kukauka nje kabla ya ndani. Weka kivulini, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili za mwanzo, halafu acha wazi wiki nzima kabla ya kupaka rangi. Wenye haraka huanika juani, na Yosefu anapasuka shingo. Usiyetaka udongo, maganda makavu ya mgomba yakilowekwa kidogo hukunjika na kufungwa vizuri, na mafundi wa Afrika Mashariki wanayatumia kwa sanamu na kadi. Mtoto Yesu mfiche mahali utakapokumbuka; katika nyumba nyingi anawekwa horini usiku wa tarehe 24.

Kuhusu mti sina mengi. Pwani watu hutumia tawi la mvinje, bara mseprasi au msonobari. Omba kwa mwenye mti, usikate kwenye hifadhi ya msitu. Likate siku nne au tano kabla, lisimamishe kwenye ndoo yenye mchanga uliolowa, na uongeze maji kila siku. Mishumaa juu ya tawi hapana, hata kwa dakika moja ya picha. Kama huna tawi, Dar es Salaam mwezi huo mikrismasi inachanua mekundu barabarani. Vikonyo vichache kwenye chupa vinatosha meza, ila vikusanye asubuhi ileile kwa sababu maua yake hupukutika upesi.

Sasa jikoni, ambako mipango mingi hufia. Hesabu uwezo wa jiko lako kabla ya kuhesabu keki. Keki moja ya sufuria inachukua takriban saa nzima jikoni, ukiongeza kutayarisha moto na kupoza, keki tatu ni siku yako imekwisha. Mwenye oveni ya umeme asijione yuko salama: oveni ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti 2 za LUKU, na umeme ukikatika keki ikiwa katikati, inakaa chini na hainyanyuki tena. Weka mkaa akiba. Na mkaa usiuwashe chumbani milango ikiwa imefungwa, hata kama nje kunanyesha. Hewa yake haina harufu na inaua.

Kwa wanaooka kwa mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga safi mkavu wa kina cha vidole viwili, funika, uache ipate moto kama robo saa. Tini la keki liingie juu ya kigae au mfuniko mdogo, lisiguse mchanga moja kwa moja. Kisha palia moto juu ya mfuniko wa bati, makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hapo ndipo wengi wanapokosea: moto mkali chini unaunguza kitako wakati juu bado ni uji. Usifunue kabla ya nusu saa kupita. Ukisikia harufu imeanza kutoka nje ya jikoni, ndiyo saa ya kuchoma kijiti. Kikitoka kikavu, ondoa makaa ya chini kwanza, ya juu yabaki dakika chache ili uso upate rangi.

Kipimo ambacho hakijaniangusha ni siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 5, unga gramu 250 na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, kwa tini la sentimita 20 hadi 23. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, mkono uchoke kabisa, ndipo mayai yaingie moja moja. Zabibu na maganda ya machungwa vigaragaze kwenye unga kidogo visizame. Bekingi pauda ya kopo la mwaka jana ijaribu kwanza: kijiko kimoja kwenye maji ya moto, isipotoa povu la nguvu, itupe. Mayai nayo yatumbukize kwenye maji, linaloelea halifai.

Keki ya matunda yaliyolowekwa kwenye pombe inaweza kukaa wiki kadhaa ikiwa imefungwa vizuri, kwa hiyo hiyo ni ya mwanzo wa Desemba. Iliyolowekwa kwa maji ya machungwa au chai ya rangi ni tamu vilevile, lakini joto la Dar haliivumilii. Ioke tarehe 22 au 23. Aisingi ya siagi sahau pwani, labda uwe na friji kubwa yenye nafasi. Sukari ya unga kikombe kimoja na maji ya limau kijiko kimoja na nusu cha chakula vinatoa uji mzito unaokauka juu ya keki na kukata utamu. Miguu ya meza iweke kwenye makopo ya maji, kwani sisimizi watafika kabla ya wageni.

Biskuti kavu, visheti na vileja vitangulie, wiki mbili kabla. Vileja, vile vya unga wa mchele na samli na hiliki, vinataka mkono mwepesi na moto mdogo. Vikipata rangi ya kahawia vimeshapita. Viache vipoe kabisa, siyo nusu kupoa, kabla ya kuvitia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mvuke kidogo tu ndani ya ndoo unalegeza vyote. Ndoo ifungwe kwa selotepu na ifichwe juu ya kabati. Hili si utani: nyumba yenye vijana haifikishi biskuti tarehe 25 bila selotepu.

Unga, sukari na samli nunua Novemba. Mayai ya trei nunua wiki mbili kabla, kuku na mbuzi weka oda mapema zaidi kwa sababu bei yao Desemba hupanda kila wiki. Anayekwenda Uchaggani na anataka mbege awaarifu wenyeji kabla hajakata tiketi: ndizi zinavundikwa, zinapikwa, ulezi unaoteshwa na kusagwa, na hatua zote hizo zinapita wiki moja. Simu ya tarehe 22 haitoi mbege.

Mwisho ni sahani za majirani. Hesabu milango unayopeleka na uiingize kwenye idadi ya biskuti tangu mwanzo, siyo kugawa kilichobaki. Kama keki yako ina pombe, oka nyingine ndogo isiyo nayo kwa ajili ya jirani Mwislamu, na iokwe kwanza, kwa tini na mwiko vilivyo safi. Tumia sahani ambazo hutaumia zikikaa kwao muda mrefu, na chini ya kila moja andika jina kwa rangi ya kucha. Nyingine utaziona tena Idi, zikiwa na kaimati.