Ukimlipa bloga, kagua kiungo chake

Kama una tovuti ya jambo mahususi, tuseme ufugaji wa nyuki, na unataka kumlipa bloga aandike makala yenye kiungo cha kuleta watu kwako, usikimbilie blogu yenye wasomaji wengi. Tafuta ndogo ambayo wafugaji wenyewe huulizana maswali chini ya makala. Kabla ya kutuma hela, kubalianeni kiungo kiwekewe, kwenye msimbo wa ukurasa, alama ya "sponsored", ambayo Google iliitambulisha mwaka 2019 kwa viungo vya kulipiwa. "Nofollow" ya tangu 2005, alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo hicho, nayo inakubalika. Bila hiyo unaweza kuonekana umenunua viungo, tovuti ikashushwa kwenye matokeo. Wapo watakaokwambia hakuna haja. Hao achana nao. Lipa nusu kwanza, nusu makala ikishatoka. Na kila blogu ipe kiungo cha peke yake, ujue nani hasa kakuletea watu.